Usingoje Aseme Ndipo Asome

Msikilizaji wangu, popote ulipo, Nyamirambo au Kimironko, jikoni au dukani, au umo ndani ya basi linalotoka Nyabugogo na dereva amekufungulia redio bila kukuuliza, karibu. Vuta kiti kama kipo.

Leo nataka tuzungumze juu ya watoto waliozaliwa na sindromu ya Down. Nikisema watoto nina maana pia ya vijana na watu wazima, kwa sababu mtoto hukua, jambo ambalo tunalisahau sana tunapowazungumzia hawa. Na katika mambo yao yote nimechagua moja: maneno. Wanayapataje, wanayasemaje, wanayasomaje. Ninalotaka ulishike nitalisema sasa hivi na nitalirudia, maana redio haina ukurasa wa kurudi nyuma. Ni hili: usingoje mtoto aseme vizuri ndipo umfundishe kusoma. Mfundishe kusoma, apate kusema.

Umesikia sawasawa. Najua sisi tumezoea mpango mwingine. Mtoto kwanza aseme, halafu aende shule, halafu ajue herufi, halafu ndipo asome. Sasa ukiwa na mtoto wa miaka sita ambaye maneno yake hayazidi kumi, na hayo kumi yanaeleweka na mama yake peke yake, nani atamletea kitabu? Watu watakuambia ngoja kwanza. Mwalimu atakuambia ngoja. Jirani, ambaye hajaulizwa, naye atakuambia ngoja. Na mtoto anangojewa hivyo hivyo mpaka anaota ndevu.

Lakini tusikimbilie huko. Tuanze na hali yenyewe. Ni nini?

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu, vinyuzi vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyobeba urithi wa baba na mama. Kwa kawaida ni 46, zimepangika jozi 23. Mwenye sindromu ya Down kwa kawaida anazo 47, kwa kuwa ile kromosomu ya 21, badala ya kuwa mbili, zimekuwa tatu. Ndiyo sababu siku yao ni tarehe 21 mwezi wa tatu, na Umoja wa Mataifa umekuwa ukiiadhimisha tangu 2012. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, ndiye aliyeieleza hali hii mwaka 1866, naye hakujua inatoka wapi. Chanzo kilipatikana Paris mwaka 1959, kwa kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba duniani huzaliwa mtoto mmoja wa hali hii katika kila watoto 1,000 hadi 1,100. Si jambo la ajabu, basi. Mkunga yeyote aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali za Kigali ameshawapokea.

Niliseme tena kwa lugha ya mtaani. Hakuna aliyeloga. Mama hakula kitu kibaya, na baba halipiwi dhambi za ujana wake. Ni kweli kwamba umri wa mama ukisogea uwezekano huongezeka, lakini akina mama vijana ndio wanaozaa zaidi, kwa hiyo watoto wengi wa hali hii wana mama vijana kabisa. Na hapa kwetu Rwanda tunao wataalamu wa vinasaba. Profesa Léon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wenzake wamechunguza kromosomu za watoto wa Rwanda na kuandika waliyoyaona. Mama akiambiwa tu kwamba mtoto wake "ana kitu", ana haki ya kuuliza kitu hicho kinaitwaje.

Haya. Sasa tuingie kwenye maneno, na tuanzie kwenye masikio, si kwenye ulimi.

Wengi wa watoto hawa wana vijia vyembamba vya masikio. Majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na kukaa hapo wiki baada ya wiki. Kwa nje huoni usaha, na mtoto halii. Juma hili anasikia, juma lijalo hasikii vizuri. Unamwita, hageuki, unasema huyu mbishi. Kumbe sauti zilimfikia nusu nusu, na zile laini, kama "s" na "f" na "sh", hazikumfikia kabisa. Atayasemaje maneno ambayo hajawahi kuyasikia yakiwa mazima?

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima masikio. Kwa bima yako ya afya ya mituweli, nenda kituo cha afya cha karibu, eleza hali ya mtoto, omba uandikiwe uhamisho kwenda hospitali yenye daktari wa masikio. Usiende mara moja ukaridhika. Majimaji haya hurudi, basi na wewe rudi. Ukiwa hapo hapo kituoni, omba apimwe na macho, maana macho nayo huwasumbua sana watoto hawa. Katika miaka ya 2010 wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima walifundishwa kupima macho na kutoa miwani, kwa hiyo ombi lako halitawashangaza. Mtoto asiyeona herufi hafundishiki kusoma hata ukimletea maktaba nzima.

Baada ya masikio, ulimi. Misuli ya mdomo na ulimi ni milegevu, na kupanga sauti moja baada ya nyingine kwa haraka ni kazi ngumu. Ndiyo maana mtoto huyu anaelewa mengi kuliko anayoyasema. Hebu nilirudie hilo: anaelewa mengi kuliko anayoyasema. Shangazi anayemzungumzia vibaya sebuleni akidhani hasikii, anasikika.

Na sasa tunafika penyewe hasa. Mtu akikutajia namba ya simu, unaishika kichwani kwa sekunde chache mpaka uibonyeze. Sehemu hiyo ya akili, inayoshika kilichosikika kwa muda mfupi, kwa mwenye sindromu ya Down huwa ndogo. Unamwambia sentensi ya maneno matano, yanabaki mawili, mara nyingi ya mwisho. Lakini kilichoonekana kwa macho anakishika vizuri zaidi. Picha, uso, ishara ya mkono, umbo la neno kwenye karatasi. Neno ulilolisema limekwisha pita. Neno lililoandikwa lipo palepale, linamngoja. Anaweza kulitazama mara ya pili, na mara ya tano, na halichoki wala halikasiriki.

Wazo hili la kusoma ili kusema halikuanzia maabara. Lilianzia nyumbani, Uingereza, kwa baba mmoja aliyeitwa Leslie Duffen. Binti yake Sarah alizaliwa na hali hii, naye akaanza kumwonyesha maneno kwenye kadi akiwa na umri wa miaka mitatu. Sarah akayasoma. Baba akaona jambo: maneno aliyoyaona kwanza kwenye kadi ndiyo yaliyokuja baadaye kwenye mazungumzo yake. Karibu na mwaka 1980 akamwandikia barua mwanasaikolojia Sue Buckley, aliyekuwa akifundisha Portsmouth. Angeweza kuitupa barua ile, maana ni nani asiyepata barua za wazazi wanaosema mtoto wangu ni hodari? Hakuitupa. Alianza uchunguzi, na kazi hiyo amekuwa akiifanya tangu wakati huo, na leo walimu na wazazi wa nchi nyingi wanaitumia.

Moja kati ya mambo aliyoyaona Buckley lilinifurahisha sana. Watoto walipokosea kusoma, mara nyingi walikosea kwa maana. Yaani, ukimwonyesha mtoto neno "lala", anakuambia "kitanda". Wewe mwalimu unaandika kosa. Lakini hebu fikiri: atakosea hivyo vipi kama hajui neno lile lina maana gani? Kosa la namna hiyo ni la msomaji.

Sasa utaniuliza, nyumbani kwangu Biryogo, sina kadi, sina mwalimu, nina masufuria na watoto wanne. Nianzie wapi?

Anzia kwenye pakiti ya maziwa. Wengi wenu mnanunua maziwa ya Inyange. Siku moja iweke ile pakiti mezani pamoja na ya kitu kingine, umwambie mtoto, "Niletee Inyange." Ataileta. Hapo atakuwa ameanza. Hajui "i" wala "n", lakini ametambua alama fulani kuwa ina jina fulani, na mlango wa kusoma ni huo.

Halafu kata boksi. Boksi lolote gumu. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, vyote sawa. Chukua kalamu nene nyeusi, andika kwa herufi ndogo, si kubwa, lakini zenye ukubwa wa kuonekana, zilizonyooka: mama. Baba. Mpira. Chai. Na jina la mtoto mwenyewe. Tumwite Keza. Kila neno liandike mara mbili, kwenye vipande viwili. Chagua maneno anayoyaelewa tayari, ya vitu na watu anaowapenda. Usimwanzishie "pundamilia" kwa sababu kitabu cha dukani kimeanza na pundamilia.

Sasa keti naye, wakati ameshiba na wewe huna haraka. Weka mbele yake "mama" na "mpira". Mpe kadi ya pili ya "mama", umwambie, "Hii inasema mama. Iweke kwenye mwenzake." Mwache aweke. Akikosea usiseme hapana. Shika mkono wake, iweke naye, sema "mama". Anachofanya ni kulinganisha tu. Akizoea, siku nyingine, ziweke zote mbili na uombe, "Nipe mpira." Hapo anachagua. Na mwisho kabisa, tena mwisho kabisa, unainua kadi na kuuliza, "Hii inasemaje?" Hapo anataja. Kulinganisha, kuchagua, kutaja. Watu wengi wanaanza na kutaja, mtoto ananyamaza, wanasema hawezi. Wamemwanzishia mwisho.

Na akitaja, akasema "pia" badala ya "mpira", pokea. Amesoma. Sema wewe "ndiyo, mpira", uendelee. Dakika tano zinatosha, kila siku, kuliko saa nzima ya Jumamosi ambayo mnamaliza wote mmenuna.

Maneno yakifika kama kumi, fanya kitabu. Huna haja ya duka la vitabu, na ukweli ni kwamba vitabu vya watoto vya Kiswahili hapa Kigali unavitafuta kwa tochi. Chukua daftari. Safisha picha chache kutoka kwenye simu yako pale studio ya mtaani: Keza anakula, Keza anaoga, baba amelala mdomo wazi. Hiyo ya baba usiiache, ndiyo watakayoirudia. Bandika picha moja kila ukurasa, na chini yake andika sentensi fupi. Keza anakula. Baba amelala.

Na hapo, msikilizaji, lugha zetu zinatuletea kazi yake, na pia zawadi yake. Nivumilie kidogo, hapa nataka nikae.

Mbinu ya Buckley ilikua katika Kiingereza, ambako maneno mengi ya kila siku ni mafupi na hayabadiliki sana. Kiswahili na Kinyarwanda si hivyo. Sisi neno letu moja ni sentensi nzima. "Anakula" lina mtu, lina wakati, lina tendo, vyote vimeshikana. Mtoto mwenye sikio dhaifu na kumbukumbu fupi ya sauti anashika mwisho tu: kula. Ndiyo maana unamsikia anasema "Keza kula", "baba lala", hata akiwa na miaka kumi na miwili. Vile viambishi vya mbele, ni-, u-, a-, wa-, ni vidogo, vinapita haraka, havina mkazo. Sikio halivikamati.

Lakini jicho linavikamata! Kwenye karatasi "a" imekaa pale mbele ya "nakula", haitoroki. Chukua mkasi. Andika "anakula" kwenye kadi ndefu, halafu kata kati ya "a" na "nakula". Andika na kipande kingine kidogo, "ni". Sasa mweke Keza na ndizi mkononi. Ukisoma habari za baba: baba a-nakula. Ikiwa ni habari zake mwenyewe: mimi ni-nakula. Mtoto anabadilisha kipande cha mbele kwa vidole vyake mwenyewe. Wanaozungumza Kinyarwanda nyumbani wafanye vilevile: ararya, urarya. Umwana, abana. Kipande cha sarufi ambacho mtoto hakukisikia kwa miaka minane anakishika mkononi. Na siku utakayomsikia anasema "ninakula", hata kwa ulimi mzito, utajua kimetoka wapi.

Zawadi ya pili ni kwamba lugha zetu huandikwa karibu kama zinavyosikika. Ukishajua ma, unaijua popote uikutapo: mama, matunda, mapema, Jumamosi. Kwa hiyo mtoto akishakuwa na maneno yake ishirini au thelathini ya kuyatambua kwa umbo, unaweza kuyakata kwa silabi na kumwonyesha kwamba "ma" ya mama ni ile ile ya maji. Hapo ndipo ba be bi bo bu ya shuleni inapopata maana. Kinyarwanda kina mikusanyiko migumu ya konsonanti, kama ile ya imbwa na igishyimbo, basi hayo yaache mpaka baadaye. Anza na mepesi. Lakini silabi zifuate maneno yenye maana, si kinyume chake. Mtoto huyu ukimkalisha mwaka mzima kwenye ba be bi bo bu ambayo haimwambii kitu, atakukimbia, na mimi nitamuunga mkono.

Narudia jambo langu: usingoje aseme ndipo asome.

Najua kuna mzazi anayejiuliza kuhusu lugha. Nyumbani Kiswahili, mtaani Kinyarwanda, shuleni Kiingereza, maana tangu 2019 shule za msingi zimeagizwa kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Na mara nyingi mzazi ameambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe: mtoto huyu lugha moja tu, nyingine ziacheni. Basi nyanya anaacha kumsemesha mjukuu kwa lugha aliyonayo, anamsemesha Kiingereza cha kubahatisha. Watafiti wa Canada, Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake, waliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down wanaolelewa kwa lugha mbili na wale wa lugha moja. Hawakuona kwamba lugha ya pili iliwadhuru. Kwa hiyo mama, mwongeleshe mtoto kwa lugha unayoiota usiku. Mwanzo wa kusoma uwe kwa lugha hiyo pia. Kiingereza kitamkuta njiani. Kumwanzishia kusoma kwa lugha asiyoisikia nyumbani ni kumwongezea mzigo mtoto ambaye tayari ana wake, na hapo mimi nadhani sera yetu inahitaji kuwaangalia watoto hawa kwa jicho la pekee.

Sasa mikono. Kabla mdomo haujawa tayari, mikono iko tayari. Uingereza katika miaka ya 1970, Margaret Walker na wenzake walitunga mfumo unaoitwa Makaton, wa kusema neno na papo hapo kulionyesha kwa mkono. Huna haja ya kuagiza mfumo kutoka ng'ambo. Anza na ishara chache: kula, kunywa, bado, imekwisha, nisaidie. Zichukue kwenye Lugha ya Ishara ya Rwanda inayotumiwa na viziwi wetu, ili mtoto akienda shule akute mtu mwingine anayezielewa. Sema neno, onyesha ishara, kila mara, watu wote wa nyumba.

Bibi atakataa. Atasema, mkimzoesha mikono hatasema kamwe. Muulize bibi, kama amelima Musanze au Gakenke: ile miti mnayoichomeka shambani ili maharage yaparamie, imewahi kuyazuia kupanda? Ishara ni mti wa namna hiyo. Neno likishapata nguvu mdomoni, mtoto mwenyewe huiacha ishara, kwa sababu kusema ni haraka zaidi. Na yupo ambaye hataiacha, au hatasema kabisa, hasa wale wenye hali nyingine za kuzaliwa nazo kama sindromu ya Rett au ya Angelman. Huyo mtengenezee ubao wa picha na maneno, aonyeshe kwa kidole, au kwa macho kama vidole havimtii. Naye usimnyime kitabu.

Kuna kazi nyingine ambayo haina gharama na ndiyo inayotushinda: kunyamaza. Umemuuliza mtoto, "Unataka chai au maziwa?" Kabla hajafungua mdomo umeshajijibu, "Maziwa, eeh? Haya maziwa." Alikuwa njiani! Alikuwa anapanga midomo. Uliza, halafu hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ukimtazama usoni kwa upole. Utaona kumi ni ndefu ajabu. Fanya hivyo na dukani. Mwenye duka akikuuliza wewe, "Huyu anataka nini?", mgeukie mtoto, na mwenye duka ajifunze kungoja. Wateja wengine nyuma watavuta midomo. Wavute.

Shule je? Kwa karatasi tuko vizuri, na nasema hivyo bila kejeli. Rwanda ilitunga mwaka 2007 sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2008, na sera ya elimu jumuishi ilipitiwa upya 2018. Kituo cha Gatagara, Nyanza, kilichoanzishwa na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960, kilituonyesha zamani kwamba mtoto mwenye ulemavu hafichwi ndani. Lakini nenda ukachungulie darasa la kwanza la shule yetu ya mtaa. Mwalimu ni mmoja, madawati yamejaa, na somo ni la mdomo: anasema, wanaitikia kwa pamoja. Mtoto wetu anakaa nyuma, hasikii, anatabasamu. Mwisho wa mwaka ripoti inasema ni mtoto mpole.

Mwalimu unayenisikiliza, sitakuongezea mzigo, nakuomba mambo ya kufanyika kesho asubuhi. Mkalishe mbele. Unapoeleza, andika neno kuu ubaoni, na uliguse. Unapomuuliza, mpe kadi tatu achague jibu kwa kidole, badala ya kumsimamisha atamke mbele ya wenzake. Na mzazi akikuletea lile daftari la picha, lipokee, maana hicho ni kitabu cha kiada cha mtoto huyo, hata kama kina picha ya baba amelala.

Wataalamu wa matatizo ya usemi ni wachache katika Afrika Mashariki nzima. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza shahada yake ya kwanza ya fani hiyo mwaka 2008 tu. Ukimpata mtaalamu mmoja hapa Kigali, mshike, mwombe akufundishe wewe mzazi, kwa sababu yeye ana nusu saa na wewe una siku nzima. Kama hujampata, tafuta wazazi wenzako. Kituo cha Izere Mubyeyi cha Kanombe kilianzishwa na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili waliochoka kukaa kila mmoja na lake. Na pale mtaani kwako, kwenye Umugoroba w'Imiryango, ule mkutano wa familia wa jioni, hili nalo ni la kuzungumziwa, si mambo ya ugomvi wa mke na mume tu.

Nimebakiwa na muda kidogo, nao nataka niwape wakubwa. Mzazi ananiambia, wangu ana miaka ishirini na mitano, treni imeshaondoka. Haijaondoka. Mwaka 1967 huko Uingereza kilitoka kitabu cha kijana Nigel Hunt, kuhusu maisha yake, alichokipiga chapa mwenyewe. Alikuwa na sindromu ya Down, na mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma, ingawa wakubwa wa elimu walikuwa wamemkatisha tamaa. Pablo Pineda wa Hispania, mwenye hali hiyo hiyo, alimaliza chuo kikuu. Sisemi wote watafika huko, kama ambavyo wasio na hali hiyo hawafiki wote. Ila kujifunza kusoma hakukomi kwa umri, na mtu mzima ana sababu nyingi zaidi za kusoma kuliko mtoto.

Sababu ya kwanza iko mfukoni mwake. Simu. Mtumie ujumbe mfupi wa maneno mawili, "Njoo ule", badala ya kumpigia kelele kutoka jikoni. Mwache akujibu kwa neno moja, au kwa neno na picha. Mfundishe kusoma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha kutuma pesa, maana matapeli wanawatafuta watu wa namna hii, na kijana anayeweza kusoma jina na kiasi hatapeliwi kirahisi. Mnapokwenda soko la Kimironko, orodha aandike yeye, hata kama ni maneno manne: nyanya, vitunguu, mchele, sabuni. Aishike yeye. Wewe ujifanye umesahau ulichokwenda kununua, umuulize.

Fundi mitambo ananionyesha saa, na yeye hana huruma. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaendelea na habari ya masikio, nami nitapokea maswali yenu moja kwa moja hewani. Kama una kijana wa kwako anayetaka kuzungumza, mlete yeye aulize, nasi tutamngoja mpaka amalize.